Bonyeza X Umkumbatie Mama

Fort McMurray, Alberta
Januari 11

Dada Rhonda,

Salamu nitaziweka mwishoni, maana najua ukizikuta mwanzoni utaikunja barua hii na kuwashia jiko. Soma kwanza.

Simu yangu umeifungia tangu mwaka jana, na sikulaumu. Hata kama usingeifungia, mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Dakika mbili tu, tayari tunapandishiana sauti kama watu wa mnadani. Karatasi angalau haipigi kelele.

Nakumbuka nilichosema. Ulipomhamishia Mama kwenye nyumba ya wazee nikiwa huku kazini, nilikuambia umempiga Mama teke ukamtoa nje ya nyumba yake mwenyewe. Ukakata simu, na hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Sasa Mama anatimiza miaka themanini Jumamosi ya Machi 14. Tiketi ya ndege nimeshakata. Lakini habari zimenifikia kwamba nikikanyaga nyumbani Placentia siku hiyo, wewe utahamia kwa wakwe zako Marystown. Mama akate keki na mtoto mmoja huku anamuulizia mwingine? Hilo sitaki. Ukisema nisije, sitakuja, na keki mtaila kwa amani.

Ila kabla hujaamua nakuomba kitu kimoja. Wewe unanijua, mdomo wangu haujui kuomba radhi, labda mikono. Ile gemu ya kujijengea hatua zako mwenyewe, ile tuliyokuwa tunaicheza wote kabla hatujakosana, mimi bado naijengea kila nikitoka zamu. Nimejenga hatua moja kwa ajili yako peke yako. Ni jikoni kwetu. Imenichukua wiki mbili. Kila mahali nimeweka vibao vya maelekezo, bonyeza hiki, bonyeza kile, hata mgeni hawezi kupotea. Namba yake ni KT4-9RL. Tafadhali icheze mpaka mwisho. Yote niliyoshindwa kuyasema yako nyuma ya mlango wa stoo.

Haya, hizo salamu sasa. Hujambo? Msalimie shemeji Clarence, na umkumbushe kwamba bado ana ngazi yangu.

Mdogo wako,
Fonse


Placentia, Newfoundland
Januari 23

Fonse,

Nimecheza. Laiti nisingecheza.

Mjinga mimi, nilianza kulia hata kabla sijasogea. Jiko la kuni lile lile, kalenda ya kanisa imeninginia upande, viatu vya mpira vya marehemu Baba mlangoni. Na Mama kakaa kwenye kile kitanda cha jikoni, chini ya dirisha, na sweta lake la kijani. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto ana utu.

Kisha nikasoma kibao chako: BONYEZA X UMKUMBATIE MAMA.

Nikabonyeza X. Na kile kijitu changu, ulichokivalisha koti langu jekundu ili nisikosee kwamba ni mimi, kikarudi nyuma hatua moja, kikainua mguu, kikampiga Mama teke. Teke la mbavuni, Fonse! Mama akaruka kutoka kitandani, akagonga kasha la kuni, akageuka nyota tatu akapotea. Ukapigwa muziki wa kuchekesha. UMESHINDWA, ANZA UPYA.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia polepole, kidole juu ya X kama mtu anayetoa mwiba. Teke. Nikarudia tena. Teke. Mara tatu nimempiga mama yangu mzazi jikoni kwetu, na wewe ndiye uliyenipangia.

Ujumbe nimeupata. Hukuwa na haja ya kuujengea na mlango. Mwaka mzima lile neno lako linanizunguka kichwani, nikiosha vyombo lipo, nikiendesha gari lipo, na wewe umekaa wiki mbili kulitengenezea katuni. Hongera. Baba angekuwepo angekuonea aibu.

Tarehe 14 usije. Ukija, mimi sitakuwepo, na Mama akiuliza Rhonda yuko wapi, umjibu wewe.

Rhonda

Ngazi ni ya Clarence. Risiti tunayo.


Fort McMurray
Februari 2

Rhonda,

Teke gani?

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido ya kambi yetu ya wafanyakazi, na buti za kazi miguuni, mpaka mpishi akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Teke gani wewe? Ni kukumbatiana! Unafika kitandani, unabonyeza X, kijitu kinafungua mikono, Mama anainuka anakupapasa mgongoni, na mlango wa stoo unafunguka. Baada ya kusoma matusi yako nimeicheza mara thelathini. Thelathini! Kidole gumba kinakwenda kushoto, kinaikuta X, Mama anakumbatiwa. Kila mara.

Ndiyo, teke limo kwenye gemu, lipo la kupigia mapipa, kila anayecheza analijua. Lakini lina kitufe chake, na hicho sikukuandikia.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama kibao hukukisoma, ama hukucheza kabisa ukajitungia. Na wewe maelekezo huyasomi tangu utotoni. Nani aliyetia keki kikombe kizima cha chumvi? Kama hutaki kuniona, sema hutaki, mimi ni mtu mzima nitaelewa. Lakini usinisingizie kwamba nimekaa chini nikamtengenezea mama yangu teke. Umenitupia mengi katika maisha haya, Rhonda, na mengine nilistahili. Hili limeniuma.

Tiketi nitaifuta Ijumaa ya tarehe 20. Mwambie Mama nilikuwa na zamu.

Fonse


Placentia
Februari 11, kwa posta ya haraka

Fonse,

USIFUTE TIKETI. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua, mstari wa kwanza uwe umeshauona.

Leo nilikwenda kwa Mama na barua yako mkobani, na kale kamashine kangu ka gemu, maana nilitaka shahidi. Nikamsomea barua yote kwa ile sauti yako ya kujitetea, unajua naiigiza vizuri. Kisha nikafungua jikoni kwetu kwenye kioo. Nikamwambia, sasa angalia mwenyewe mambo ya mwanao. Nikapeleka kidole kwenye X.

Mama, ambaye asubuhi ile alikuwa ameniita mara mbili kwa jina la marehemu dada yake, akanishika mkono.

"Amesema kushoto," akasema. "Mbona wewe unakwenda juu?"

"X iko juu, Mama."

"Basi yake iko kushoto."

Alivyosema, ungedhani ananieleza kwamba mvua hunyesha nje. Akarudi kwenye chai yake.

Fonse, sikia. Nikaiangalia rimoti yangu, iliyobanwa pembeni ya kioo, kama naiona leo. Vile vitufe vinne: X juu, A kulia, B chini, Y kushoto. Nimekuchorea hapo pembeni, usiyacheke maduara yangu. Yako ikoje? Maana kama yako X iko kushoto, basi kukumbatia kuko kushoto kwetu sote, ila kwangu mimi pale kushoto pameandikwa Y. Na X yangu, kule juu, ndiyo hilo teke lako la mapipa. Waliotengeneza mashine yako na waliotengeneza yangu hawasalimiani! Herufi ni zile zile, wamezibadilishia viti tu, na sisi wawili tukataka kuuana.

Nikacheka mpaka nesi akachungulia. Kisha nikalia, nesi akachungulia tena. Siwezi kukueleza mzigo ulionitoka. Karibu wiki tatu nimeamini kwamba mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, alikaa chini na akili zake timamu akanitukana kwa rangi na muziki. Kumbe masikini ulikuwa umenifungulia mikono.

"Sasa si ubonyeze hicho cha kushoto?" Mama akasema.

Sikubonyeza. Niliogopa, nakwambia ukweli. Nimeshampiga mara tatu. Nikimpiga ya nne, mwenyewe kakaa pembeni yangu anakunywa chai, sidhani kama nitainuka pale kitini. Nenda karekebishe kile kibao. Siku nikikiona kimeandikwa sawa, nitabonyeza.

Najua ningeweza kukufungulia simu nikakupigia sasa hivi. Ningekuwa nimeshapiga, ila najua nitaanza kulia, na wewe utaanza kunitania, na tutakosana upya kwa jambo jingine. Andika.

Rhonda

Na lile la chumvi, nilikuwa na miaka saba!


Fort McMurray
Februari 16

Dada, dada, dada yangu,

Tiketi iko pale pale. Barua imefika leo mchana. Nimeketi kitandani kwangu hapa kambini nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta mwezi wa kwanza. Oh, Rhonda. Umempiga teke Mama! Sasa kwa vile najua hukukusudia na mimi sikukusudia, naomba uniruhusu nicheke, maana nikifikiria ulivyorudia mara ya pili polepole na kidole cha kutoa mwiba, mbavu zinaniuma.

Umesema kweli tupu. Yangu ni Y juu, B kulia, A chini, X kushoto. Miaka saba najenga, hatua sitini na moja, na vibao vyote nimeandika herufi kwa mkono wangu, bonyeza A, bonyeza X, kama vile dunia nzima imeshika rimoti yangu mimi. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu ambaye X yake iko kwingine.

Nikaenda kuuliza kwenye baraza la mtandaoni la wajenzi wenzangu. Kuna mama mmoja wa Oregon, sote tunamwita Bibi Daraja kwa sababu hajengi kitu kingine. Akanijibu kwa mistari miwili. Usiandike herufi, akasema. Andika jina la tendo ndani ya mabano ya mraba, na gemu yenyewe itachora kitufe cha yule aliyeshika rimoti.

Ndivyo tu! Naandika [kumbatia], na kibao kinatoa picha ya vitufe vinne, kimoja kimewaka. Kwangu kinawaka chenye X. Kwako kitawaka chenye Y. Wale wenye rimoti za maumbo, zisizo na herufi kabisa, wanachorewa mraba. Kila mtu anaona cha kwake, na wote wanakumbatia. Nikamshukuru sana Bibi Daraja. Akasema si kitu, maelezo hayo yako ukurasa wa kwanza wa mwongozo.

Najua unachotaka kusema kuhusu mtu asiyesoma maelekezo. Nyamaza.

Lakini ngoja nikupe kichekesho kingine. Miaka yote hii watu wananiandikia malalamiko, na mimi nawajibu jeuri. Jamaa mmoja wa Winnipeg alisema kwenye hatua yangu ya mnara, kila akifuata kibao cha KUNYWA MAJI anajirusha dirishani. Nikamwambia ajifunze kusoma. Binti mmoja akasema nimemwagiza ampigie malkia magoti, naye akajikuta amemtupia kuku usoni. Nilidhani ananichokoza! Nilikuwa najisifu huku kambini kwamba hatua zangu ni ngumu, ni za mabingwa. Kumbe hazikuwa ngumu, zilikuwa zinadanganya watu. Leo nimeanza kuwaomba radhi mmoja mmoja. Wa Winnipeg ameshajibu kwa neno moja: "Hatimaye."

Kibao chako nimekirekebisha kabla ya vingine vyote. Na ili nisikutie tena majaribuni, nimemwomba Bibi Daraja, ambaye ana mashine kama yako, aingie aone. Akakumbatia salama. Kasema Mama ana sweta zuri. Nilimwomba asiingie mlango wa stoo, maana mle ni kwako tu, naye kaniapia hakuingia.

Sasa mimi nimemaliza, Rhonda. Nina tiketi, na begi nimelitoa chini ya kitanda, lakini sitalijaza mpaka uniambie. Umesema nisiifute. Hukusema nije.

Fonse


Placentia
Februari 22

Mdogo wangu,

Nilisubiri misa ya leo Jumapili iishe, nikaenda kwa Mama na mikate midogo ya molasi na ile mashine. Nikafungua. Kibao kimebadilika kweli, hakuna tena herufi ya kubishania. Nikaona picha ya vitufe vyangu mwenyewe, cha kushoto kimewaka, na mbele yake umeandika: UMKUMBATIE MAMA.

Na bado nikashindwa. Nilikaa pale kidole kimesimama hewani. Mama akanitazama, akaona siendi wala sirudi, akanipokonya mashine. Hajawahi kushika kitu kile tangu azaliwe.

"Hiki kilichowaka?"

"Hicho, Mama."

Akabonyeza kwa kidole cha shahada, kama anapiga kengele ya mlango. Kijitu changu kikafungua mikono. Mama wa kwenye kioo akainuka kitandani, akanikumbatia, akanipapasa mgongoni mara tatu, pa, pa, pa, vile vile anavyofanya. Ulikumbuka na idadi, Fonse. Mlango wa stoo ukafunguka.

Vibao vyako vya mle ndani niliingia kuvisoma peke yangu, Mama akila mkate. Najua kibao kimoja hakibebi maneno mengi, ndiyo maana umeweka vinane. Nimevinakili kwenye karatasi ili nisivipoteze, navyo vinasema hivi: "Nilikuja Krismasi, sikukuambia. Mama ana afya, ana marafiki, ananiibia kwenye karata. Jirani yetu Bi Whiffen alinieleza kuhusu usiku wa theluji. Na kuhusu jiko aliloliacha likiwaka, mara mbili. Hukuniambia ili nisiache kazi. Ulisaini peke yako, nilitakiwa kuwa pale. Hukumpiga teke, ulimwokoa. Nisamehe, dada."

Nikavisoma tena vyote vinane, cha kwanza hadi cha mwisho.

Kwanza, lile la Krismasi. Mama aliniambia! Aliniambia, "Fonse alikuja, tukacheza karata." Nikamwambia hapana Mama, Fonse yuko Alberta, umeota. Akashikilia. Nikambishia mpaka akanyamaza, na nikaenda kumweleza daktari kwamba kumbukumbu zinazidi kuharibika. Leo nimepiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilijua nilimfunga kwa karata ya jembe. Mtu haoti jembe."

Ndiyo, ni kweli alitoka nje usiku kwenye theluji. Alikuwa na vazi la kulalia na ndara, anamtafuta Baba. Bi Whiffen ndiye aliyemwona. Ningekuambia, ungeshuka kwenye ndege kesho yake na kazi umeacha, nami sikutaka uje kunilaumu miaka kumi baadaye. Kwa hiyo nikanyamaza, ukanilaumu siku hiyo hiyo.

Sasa na mimi niseme langu, ambalo sijamwambia hata Clarence. Siku ile ya kusaini fomu za nyumba ya wazee, niliharibu ya kwanza wakanipa nyingine. Nikarudi kwenye gari nikakaa karibu saa nzima sijawasha. Ulipopiga simu ukasema lile neno, sikukasirika kwa kuwa umesema uongo. Nilikasirika kwa kuwa nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe, mle garini, neno hilo hilo. Nilikuwa nangoja mtu aniambie si kweli. Watu wengi waliniambia, nesi, padri, Clarence, na halikuingia. Wewe ndiye mtoto mwenzangu, ni wewe tu uliyeweza kuniambia likaingia. Leo limeingia. Nimelala usingizi mchana kwenye kiti, mimi, mbele za watu, nikaamshwa na Clarence aliyekuja kunichukua.

Nilipotoka mle stoo nikamkuta Mama ananyoosha mkono anataka mashine tena. Nikamrudishia mwanzo. Akabonyeza kile kilichowaka. Akataka tena. Nimehesabu, Fonse, amekumbatia mara kumi na moja, na kila mara anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja supu akaikuta imekolea.

"Huyu mwenye koti jekundu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Na Fonse yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Atakuja lini?"

Nikamwambia atakuja Jumamosi ya tarehe 14, keki haikatwi kabla hajafika, na mimi ndiye nitakayekwenda kumpokea uwanja wa ndege St. John's. Akamwambia nesi. Nesi akaandika kwa chaki kwenye ubao wa ukumbini. Sasa wazee wote thelathini na wawili wanajua, na mmoja ameshaanza kuuliza kama una mke.

Usinifanye muongo.

Dada yako,
Rhonda